NYUMBA ZETU: Mtoto wa Kambo Aendapo Ng'ambo



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa nadra, na leo laonekana hata katika miji yetu ya bara. Mama aliyeachika anaolewa tena na mtu aishiye ng'ambo, na mume huyo yu tayari kumchukua yeye pamoja na mtoto aliyemzaa kwa mume wa kwanza. Baba wa mtoto yu hai, anampenda mwanawe, na malezi wanagawana. Je, mtoto aende au abaki? Akienda, ni nani wa kuulizwa? Na huyu mume mpya anasimama mahali gani kwa mtoto asiyemzaa?

Tuchukue mfano wetu kutoka Maretadu. Kata hii iko katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, katika nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji. Mtu akitazama ramani atadhani kuwa Ulaya na Marekani ziko mbali mno na vilima vile. Lakini Haydom iko jirani, na hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za watu wa Norway. Tangu siku hizo wageni wa ng'ambo hawakukoma kupita njia ile. Na kwa upande wa Babati na Kondoa wako Waislamu wengi, na vijana wao wametawanyika Arusha, Dar es Salaam, Uarabuni, Uingereza na Marekani. Posa ya kutoka mbali si ajabu tena.

Basi tufanye kuwa yuko mama mmoja Maretadu. Hatumtaji mtu yeyote. Huu ni mfano tu. Aliolewa na mfanyabiashara wa Katesh, Wilaya ya Hanang, wakaachana kwa wema, na binti yao sasa ana miaka tisa. Siku za masomo mtoto hukaa Maretadu kwa mama na bibi yake mzaa mama. Likizo ya mwezi wa Juni na ya mwezi wa Disemba hwenda Katesh kwa baba. Hawakwenda mahakamani kupanga hivyo. Wazee wa pande mbili walikaa mkekani, wakasema, na ikawa. Sasa mama ameposwa na mtu wa Kondoa aliye raia wa Marekani. Naye kasema neno zuri: "Mtoto wako nitamdhamini, twende sote."

Neno hili likishatoka, washauri huwa wengi. Mmoja atasema: "Andika kuwa baba alikwisha kufa, mambo yatakuwa mepesi." Wa pili atasema: "Tafuta cheti kipya cha kuzaliwa, kiandikwe jina la mume wako." Wa tatu atasema: "Mtoe kimya kimya wakati wa masomo, baba akija kujua, mmekwisha fika." Mashauri haya matatu twayasikia mara kwa mara, nayo yamewaharibia watu wengi. Twataka kueleza kwamba yote matatu ni haramu katika dini, ni makosa katika sheria, na zaidi ya hayo hayana haja. Mlango wa safari hii ni ridhaa ya mzazi anayebaki. Ukiombwa kwa adabu na mapema, aghalabu hufunguka. Ukivunjwa, hata aliyekwisha kuingia ndani hana raha.

Mtoto wa kambo katika dini yetu

Uislamu haukumfanya mtoto wa kambo kuwa mgeni nyumbani. Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilea watoto wa wake zake. Alipomwoa Bi Ummu Salama, mjane wa Abu Salama, watoto wa mama huyo walikulia mikononi mwake. Umar bin Abi Salama ndiye aliyetusimulia jinsi alivyokuwa mdogo, mkono wake ukitangatanga katika sinia, na Mtume akamfundisha kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Hayo ni malezi ya baba hasa. Lakini litazameni jina la kijana huyo: mpaka leo vitabu vyamwita Umar mwana wa Abu Salama. Mtume alimlea wala hakumnyang'anya baba yake.

Na Zayd bin Haritha, ambaye watu walikuwa wakimwita Zayd bin Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake iliposhuka Sura ya Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, inayoamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Basi shauri la kubadili cheti cha kuzaliwa limekwisha jibiwa zamani. Mume mwema aweza kumlisha mtoto wa kambo, kumvisha, kumsomesha na kumpenda, na thawabu zake ni kubwa. Nasaba siyo yake kuitoa wala kuipokea.

Ama haki ya malezi, madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, yasema kuwa mama ni wa kwanza kwa mtoto mdogo maadamu hajaolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto. Akiolewa, haki hiyo hwenda kwa mama yake, yaani bibi mzaa mama. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, nao aghalabu ni miaka saba, hupewa khiyari kati ya wazazi wake wawili. Na juu ya safari, wanavyuoni wamezipambanua mbili. Ikiwa mzazi asafiri kwa haja yake kisha atarudi, mtoto hubaki na yule aliyekaa mjini. Ikiwa ni safari ya kuhama, baba ana haki zaidi ya kuwa na mtoto, ili nasaba yake isipotee, madhali njia na nchi yenyewe ni za amani.

Twayasema haya wazi ili mama wa mfano wetu ajue anasimama wapi. Ameolewa, tena anahama. Kwa hukumu hizi hoja yake si ya nguvu. Lakini haki ya mtu ni yake, na mwenye haki aweza kuridhia. Baba akiona kuwa binti yake atalelewa vyema na mama yake, akaridhia kwa moyo wake, hapana wa kumlaumu. Ndiyo maana twasema kuwa ridhaa hiyo ni kitu cha kuombwa, wala haichukuliwi kwa hila. Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amekataza mama adhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, na baba vile vile adhuriwe kwa ajili ya mtoto wake. Makatazo hayo mawili yamewekwa pamoja, basi na sisi tusiyatenge.

Sheria ya nchi yetu

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaamuru mahakama, inapoamua mtoto akae na nani, iangalie kwanza kheri ya mtoto mwenyewe. Pamoja na hiyo itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto akiwa na umri wa kutoa rai yake, na mila za jamii ya wahusika. Mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa afaa kukaa na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Binti wa mfano wetu amekwisha pita umri huo. Basi mama asidhani kuwa kwa kuwa yeye ni mama, mambo yamekwisha.

Tena sheria hiyo yaipa mahakama uwezo wa kuweka masharti katika amri ya malezi: mahali pa kukaa mtoto, dini atakayolelewa, siku za kuonana na mzazi wa pili, na hata kumzuia aliyepewa mtoto asimtoe nje ya Tanzania. Mzazi mwenye amri ya namna hiyo mkononi asisafiri na mtoto kabla hajairudisha mahakamani ibadilishwe. Na kwa mume mpya liko neno pia: mwanamume aliyemkubali mtoto asiye wake kuwa mmoja wa watu wa nyumba yake, sheria yamtaka amtunze pale baba na mama wanaposhindwa kumtunza.

Kisha liko suala la pasi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hapewi pasi kwa kujiombea mwenyewe. Idara ya Uhamiaji yataka cheti chake cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya wazazi au mlezi wa kisheria. Cheti hicho hutolewa na RITA, na wako watoto wengi wa vijijini ambao hawakuandikishwa siku walipozaliwa. Mama wa Maretadu aanze hapo, miezi mingi kabla ya safari, na cheti kiandikwe jina la baba mwenyewe, kama alivyo.

Wanayouliza wenyeji wa huko

Sasa tutazame nchi ziendewazo. Kila moja ina swali lake kubwa kwa mtoto wa kambo, nasi tutataja manne.

Marekani huuliza: ndoa ilifungwa lini? Sheria yao ya uhamiaji yamhesabu mtoto wa kambo kuwa mtoto wa mdhamini ikiwa ndoa ya mama na mume huyo ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Haitaki mume amfanye mtoto kuwa wake mahakamani, wala haitaki mtoto abadili jina. Hapo shauri la cheti kipya laanguka lenyewe: jambo wanalolifanyia uongo watu, sheria yenyewe haikulitaka. Ila raia wa Marekani anayemwita mke na mtoto lazima aandike ombi la mke mbali na ombi la mtoto mbali. Mtoto hapandi juu ya karatasi za mama yake. Wengi wamelighafilika hili, mama akapata ruhusa na mtoto akabaki.

Mdhamini wa Marekani hutia sahihi ahadi nzito, kwamba atamtunza anayemdhamini kwa kiasi kisichopungua asilimia 125 ya kipimo cha umaskini cha nchi ile. Talaka haimwondolei ahadi hiyo. Hukaa shingoni mwake mpaka mtoto awe raia, au atimize hesabu ya kazi iliyowekwa, ambayo yakaribia miaka kumi, au ahame nchi ile kabisa, au afariki mmoja wao. Mume anayesema "nitamdhamini" na ajue uzito wa neno lake. Na yafaa kujua pia kuwa katika mwaka 2025 Marekani ilitoa amri za kuzuia au kupunguza visa kwa raia wa nchi nyingi, za Afrika zikiwamo; basi mtu aulize hali ya siku ile ubalozini kabla hajalipa ada yoyote.

Kanada huuliza: mzazi anayebaki asemaje? Huko wanayo karatasi maalum ya tamko la mzazi asiyesafiri, naye huitia sahihi mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo. Mtoto huhesabiwa kuwa tegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Na kuna onyo moja kubwa. Mhamiaji aliyeficha mtoto wake wakati alipoomba mwenyewe kuingia Kanada, kwa kanuni za mwaka 2002, aliweza kunyimwa haki ya kumdhamini mtoto huyo baadaye. Tangu mwaka 2019 nchi ile ilianza kuwalegezea baadhi ya watu, si wote. Mama asiseme kuwa hana mtoto ili posa ipite upesi. Neno hilo dogo laweza kumtenga na mwanawe kwa miaka mingi.

Norway, ambayo jina lake lajulikana vizuri Haydom, huuliza kama mzazi wa pili ana haki ya uzazi juu ya mtoto. Akiwa nayo, wataka ridhaa yake kabla mtoto hajahamia kwao.

Uingereza ndiko kwenye taabu kubwa zaidi kwa wazazi wanaogawana malezi. Mtoto anayemfuata mama aliyeolewa huko, na baba yake amebaki nyumbani, hutakiwa athibitishe kuwa mama peke yake ndiye aliyekuwa na dhamana ya malezi yake, au kwamba ziko sababu nzito sana za kumkataza kubaki. Mwaka 2006 baraza la rufaa la uhamiaji la huko, katika shauri la mtoto wa Yemen, lilieleza kuwa kinachoangaliwa ni nani hasa mwenye kuamua mambo makubwa ya maisha ya mtoto, wala si nani anayempikia kila siku. Basi baba anayelipa ada ya shule na kuamua mtoto asome wapi, hata akitia sahihi karatasi mia za ridhaa, laweza kukataliwa ombi la mtoto kwa sababu ya wema wake huo huo. Hapa ndipo shetani huwajia watu na kuwaambia wamkane baba. Msikubali. Mtafuteni mwanasheria anayejua mambo ya uhamiaji wa nchi ile, mmweleze kweli yote, na akisema kuwa njia haipo, ni kheri mlijue hilo mkiwa bado nyumbani.

Maana uongo una adhabu zake. Marekani yaweza kumfungia mlango maisha yake yote mtu mzima aliyesema uongo wa makusudi kuhusu jambo kubwa katika ombi lake, isipokuwa apate msamaha maalum. Uingereza yaweza kumzuia miaka 10, na Kanada miaka 5. Siku hizi baba "aliyekufa" huonekana akipokea simu, na cheti "kipya" hupimwa kwa uchunguzi wa vinasaba. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake mara hii ni dirishani pa ubalozi, mtoto akiwa ameshikwa mkono.

Waraka wa maafikiano

Basi mama wa Maretadu afanye nini? Aanze kwa kwenda Katesh. Asitume ujumbe wa simu, wala asimtume mume mpya. Aende na mzee wa kwao, wakae na baba wa mtoto na wazee wake, na mlango wa kwanza wa maneno uwe ni kumshukuru kwa malezi yake. Kisha amwambie kweli: ameposwa na nani, anakwenda wapi, mtoto atasoma wapi, na kwamba amekuja kuomba, si kuarifu. Ampe na muda wa kufikiri. Mtu aliyeambiwa mapema akaheshimiwa hupata nafasi ya kuwa mkarimu. Aliyesikia khabari sokoni hukataa hata jambo ambalo angelikubali.

Wakiafikiana, yaandikwe. Wafanyabiashara husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Itakuwaje kwa mtoto? Waraka uandikwe kwa Kiswahili, na tafsiri yake ya Kiingereza, usomwe mbele ya wote, utiwe sahihi mbele ya wakili au hakimu. Useme kuwa baba ameridhia binti yake ahamie nchi fulani pamoja na mama yake, kwa hiari, bila kulazimishwa wala kulipwa. Useme kuwa mtoto atabaki na jina la baba yake. Useme ni siku gani katika juma atazungumza na baba yake kwa simu, ni baada ya miaka mingapi atarudi kuamkia, na nauli ni ya nani. Useme atasoma Kur'ani wapi na lugha ya nyumbani itakuwa ipi, maana mtoto akirudi Katesh asiyeweza kusema na bibi yake, amerudi nusu.

Useme na mambo mazito, hata kama hayapendezi kutamkwa siku ya furaha. Ndoa mpya ikivunjika, mtoto atakaa na nani? Mama akifariki ugenini, nani atamrudisha? Msione haya kuyaandika. Mauti na talaka havingoji ruhusa.

Nakala ziwe zaidi ya moja, na zihifadhiwe katika nyumba mbali mbali. Watu wa Hanang hawahitaji kuambiwa sana: maporomoko ya Disemba 2023 huko Katesh yaliua watu zaidi ya 80 na kuzoa nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo. Cheti kilichokaa sandukuni mwa nyumba moja tu ni amana iliyo hatarini.

Na katika kikao hicho mtoto mwenyewe aulizwe. Ana miaka tisa, ana akili yake. Asiulizwe mbele ya kadamnasi, wala asiulizwe swali la kumpasua moyo, nani ampendaye zaidi. Aulizwe faraghani na mtu anayemwamini, bibi yake mathalan, ni kitu gani anachokiogopa na ni kitu gani anachokitaka. Dini imempa khiyari, na sheria imempa nafasi ya kusikilizwa. Wazazi wasiwe wagumu kuliko vyote viwili.

Baba akikataa, au asipoonekana

Yaweza kuwa baba akakataa. Kukataa si uadui. Pengine aogopa kuwa hatamwona mwanawe tena. Aulizwe khofu yake ni nini, na iwekewe sharti katika waraka. Akikataa bado, wako wazee, liko baraza la usuluhishi la BAKWATA, wako maofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na baada ya hao iko mahakama ya watoto iliyowekwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mahakama itasikiliza pande zote na kuamua kwa kheri ya mtoto. Amri yake, ikiwa ni ya kumruhusu mtoto kwenda, ina nguvu kuliko karatasi yoyote ya kughushi. Na ikiwa ni ya kumbakisha, mama na aikubali, na wapange upya likizo na simu kwa upande wa pili, mtoto akikaa huku na mama akija kumwona.

Ama baba ambaye hajulikani aliko, msimwandikie kifo. Atafutwe kwa jamaa zake, kwa mwenyekiti wa kijiji alikokaa mwisho, na kila hatua iandikwe. Kisha mama aende mahakamani na hati ya kiapo aeleze alivyotafuta, aombe amri ya malezi. Njia hii ni ndefu, lakini ni ya mtu anayelala usingizi.

Katika nyumba mpya

Tumalizie kwa mume wa Kondoa na nyumba yake ya ugenini. Binti wa mkewe ni maharimu wake baada ya yeye kuingia kwa mama yake, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 23. Hawezi kumwoa kamwe, na yampasa amlinde kama bintiye. Lakini ikiwa ana vijana wake kwa mke mwingine, hao si maharimu wa binti huyu. Nyumba za ng'ambo ni ndogo, vyumba ni vichache, na watu hujisemea kuwa "wote ni ndugu". Yafaa jambo la malazi na stara lipangwe kabla ya kufika, mtoto angali mdogo, lisije likawa fitina atakapokuwa mkubwa.

Nafaka ya mtoto yabaki juu ya baba yake katika Sharia. Mume mpya akijitolea, ni sadaka yake. Baba asiseme, "Sasa analishwa na tajiri," akaacha hata kumtumia zawadi ya Idi. Mirathi nayo ni ya baba: binti atamrithi baba yake wa Katesh, wala hatamrithi baba wa kambo. Baba wa kambo akitaka kumwachia kitu, mlango wa wasia uko wazi mpaka thuluthi ya mali yake, naye auandike.

Na juu ya uraia, wasikurupuke. Kwa sheria ya Marekani, mtoto wa kambo hapati uraia kwa sababu tu baba wa kambo ni raia. Hupitia kwa mama yake mzazi, mama akiisha kuwa raia na mtoto yu chini ya miaka 18 akiishi naye kihalali, katika malezi yake. Na kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtoto mwenye uraia wa nchi mbili hutakiwa achague mmoja afikapo utu uzima. Siku hiyo binti huyu ataulizwa yeye ni nani. Akiwa anajua jina la baba yake, lugha ya bibi zake na njia ya kutoka Maretadu mpaka Katesh, atalijibu swali hilo bila ya kubabaika, kwa vyovyote atakavyochagua.

Twawausia kina mama wasiharakishe, kina baba wasikaze mkono kwa chuki za ndoa iliyokwisha, na waume wapya waheshimu kiti walichokikuta na mwenyewe. Mtoto ni amana iliyowekwa mikononi mwa watu wawili. Haitolewi na mmoja hali mwenzake hana khabari. Mwenyezi Mungu awaongoze wazazi wote walio katika shauri hili, awajaalie maneno laini na nia safi, na awalinde watoto wetu walio karibu na walio mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.